Cote ya Mutoto wa Mwalimu

Pale Kasha, kwetu Bukavu, ukishuka kutoka Bagira, kuna ukuta moja wa mawe unashikilia mulima. Mvua za miaka tatu zimepita juu yake. Nyumba za pembeni zilienda na matope, moja ilienda na watu ndani, lakini zile sita zenye kuwa nyuma ya ukuta ziko pale mpaka leo, na wenyewe wanaanika nguo juu yake bila wasiwasi. Wakati wa kuujenga walisimamisha kibao chenye jina la ingénieur. Yule bwana alikuja mara mbili. Mara ya kwanza alikuja kupiga picha, mara ya pili alikuja kutia sahihi.

Mwenye kupiga hesabu ya ule ukuta ni Colombe, mwalimu wa darasa la tano primaire. Diplome yake inasema Pédagogie. Bulletin yake ya alama, ya deuxième, mwaka wa pili wa secondaire, inasema math quarante-huit, arobaini na nane kwa mia, na chini yake mustari mwekundu wenye kupigwa na règle. Mutu akitaka kujua ile arobaini na nane ilitoka wapi, aniulize mimi Fabiola, muuza sambaza, zile samaki ndogo za ziwa. Tulikuwa tunakaa banc moja. Na nilinyamaza miaka makumi mbili, kwa hiyo mukiona ninakasirika mu hii hadithi, mujue nusu ya hasira ninajikasirikia mimi mwenyewe.

Baba yake Colombe ni Papa Gracien. Alikuwa mwalimu wa math mu shule yetu ya Bagira, na hakukuwa mwingine. Kutoka première, mwaka wa kwanza, mpaka sixième, wa sita, sections zote, ilikuwa yeye tu. Alizaliwa Nyantende, mutoto wa walima maharagi, na math ndiyo ilimutoa mu shamba, kwa hiyo aliiheshimu kama vile wengine wanaheshimu altari. Alikuwa na shati moja nyeupe ya kazi. Ilifuliwa kila jioni, asubuhi iko naye tena, kola imesimama.

Na haki yake sasa! Mu Bagira nzima waliijua. Siku moja muzazi fulani alimutumia kuku nyumbani. Kesho yake Papa Gracien akaingia mu darasa ameibeba, miguu imefungwa na kamba, akaiweka juu ya meza mbele yetu. "Huyu kuku," akasema, "anaomba points tatu mu interro ya mutu fulani. Mimi simujui kuku mwenye kujua équation. Mwenyewe akuje amuchukue." Tulicheka mpaka machozi. Mutoto wa yule muzazi aliibeba kuku yake saa sita, akaipitisha katikati ya shule yote, na mwaka uliofuata akahamia shule ingine. Hakuna aliyemuhurumia. Tulikuwa tunasema, mwalimu ni huyu.

Mu deuxième, interro ya kwanza, lile jaribio la darasani, Colombe alipata dix-neuf kwa vingt. Kumi na tisa kwa makumi mbili, cote ya juu. Mimi nilipata kumi na saba, na sitawadanganya, ile kumi na saba yote ilitoka kwa copie yake, karatasi yake ya majibu. Colombe alikuwa anaandika na mukono wa kushoto na mimi nilikuwa nakaa upande wa kuume, njia iko wazi kabisa. Hakunizuia hata siku moja. Hakuona hata kwamba namuangalia. Mutoto yule, akikutana na problème, alikuwa anatoka mu dunia. Tangu alikuwa mudogo alikuwa hivyo. Siku ukuta wa jikoni ya jirani ulianguka, sisi watoto wote tulikimbia kuangalia sahani zenye kuvunjika, yeye alibaki anauliza kwa nini umepasukia katikati na siyo ku kona. Alikuwa na miaka tisa. Alisema siku ile, mbele yangu, atakuwa ingénieur wa kujenga. Hakubadilisha tena.

Bon. Kukawa mukutano ya wazazi. Maman yangu alikuwa pale, yeye ndiye alinihadizia. Papa Jacques, mufanya biashara ya mbao, mutoto yake alipata sita kwa vingt. Akasimama, akakohoa, akasema kwa sauti ya kuchekesha: "Mimi ninataka kuuliza tu. Mutoto ya mwalimu anapata dix-neuf. Nani anaandika cote? Si papa yake? Basi hata mimi, kama ningekuwa mwalimu, mutoto yangu angekuwa Einstein!"

Wazazi wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kwa sababu Papa Jacques anajua kuchekesha. Maman yangu alisema Papa Gracien alitoa lunettes yake ya macho, akaipanguza na pindo la shati, akaivaa, akaitoa tena, akaipanguza tena. Mutu mwenye alirudisha kuku mbele ya darasa, leo wanamuambia yeye ndiye mwizi. Iliingia mu mwili wake na haikutoka tena.

Interro iliyofuata, nilikopia kama kawaida. Mawazo ya Colombe, hatua za Colombe, hata ile namba sept yenye kukatwa katikati nilianza kuiandika kama yeye. Copies zikarudi. Mimi seize, kumi na sita. Colombe onze, kumi na moja.

Nikafikiri amekosea kujumulisha. Tukaweka copies mbili pembeni, moja na ingine. Majibu ileile. Kwa copie yake kulikuwa alama nyekundu pembeni: présentation, moins deux, kutoa mbili. Démarche, hatua za hesabu, haieleweki, moins trois, kutoa tatu. Présentation! Copie ya Colombe ilikuwa safi kuliko kitambaa cha altari, yangu ndiyo ilikuwa na mafuta ya beignet. Nikamuambia: "Colombe, ona. Papa yako amekosea."

Akaangalia muda murefu. Akasema: "Papa hakosee. Kuna kitu mimi sioni."

Haya ndiyo maneno yenye yananichoma mpaka leo. Kuna kitu mimi sioni. Mutoto wa miaka kumi na ine akaanza kutafuta kosa lenye halikuwa. Aliacha kucheza kamba na sisi. Saa ya mapumuziko, récréation, yuko mu darasa, anaandika upya démarche, anaongeza mustari kwa mustari, anaeleza hata kwamba mbili na mbili ni ine. Na kadiri alivyojitahidi, points zilizidi kukatwa, kwa sababu kadiri alivyojitahidi ndivyo copie yake ilizidi kuwa ya kupewa vingt, na Papa Gracien alizidi kuogopa. Ninasema hivi leo kwa sababu najua. Wakati ule sikujua kwa nini, lakini nilijua kwamba. Kwamba majibu ni ileile na cote siyo ileile. Hiyo nilijua.

Mutaniuliza, na weye Fabiola, haukuwa na mudomo? Nilikuwa nao! Lakini nilikuwa pia na hesabu yangu, hesabu moja tu nilifanya peke yangu mwaka ule. Nikisema, wataniuliza: weye ulijuaje majibu ni ileile? Hapo nitasema nimekopia. Zéro kwa kila kitu, wananifukuza, na maman yangu anapasuka moyo. Basi nikafunga mudomo.

Sasa lazima mujue kitu kimoja kuhusu shule zetu. Kwetu mutoto hachague section, math ndiyo inamuchagua. Mwisho wa deuxième wanaangalia cote moja. Ukiwa na soixante, makumi sita, na kupanda, unaenda Math-Physique, hata kama moyo wako uko mu kushona ao mu kuimba. Chini kidogo, Bio-Chimie. Chini ya cinquante, makumi tano, mvulana anatupwa Commerciale, musichana anatupwa Pédagogie, na wanamuambia usilie, mwalimu ni kazi nzuri kwa mwanamuke. Hakuna mwenye anauliza unapenda nini. Math ni kiyungilo cha unga, wanakutikisa mara moja mu maisha, ukianguka chini umeanguka. Na miaka yote ya mbele, kazi gani utafanya, nani atakuita bwana na nani atakuita weye, inatoka pale, kwa namba moja yenye mutu mmoja ameandika na bic.

Siku ya proclamation, ya kutangaza cote, tulikuwa mu cour, uwanja wa shule, wazazi kwa viti, sisi tumesimama. Préfet, mukubwa wa shule, alisoma. "Fabiola, mathématique, soixante et onze. Orientation, Math-Physique." Maman yangu akapiga vigelegele mpaka watu wakageuka. Sabini na moja! Na ile examen sikumaliza hata kukopia, kengele ililia nikiwa bado na ukurasa moja. Halafu: "Colombe, mathématique, quarante-huit. Orientation, Pédagogie."

Papa Gracien alikuwa amesimama nyuma ya préfet pamoja na walimu wengine. Watu walimuangalia yeye, hawakumuangalia Colombe. Nikasikia nyuma yangu mutu anasema: "Ona sasa. Ameangusha hata mutoto yake. Huyu njo mwanaume." Papa Jacques mwenyewe alienda kumupa mukono. Colombe alibaki anaangalia viatu vyake. Hakulia. Nilikuwa napiga vigelegele pamoja na maman, nikaacha.

Jioni ile nilienda kwao kurudisha cahier yake ya kuandikia. Nilimukuta amesimama mbele ya baba yake. "Papa, nionyeshe tu copie yangu ya examen. Nione wapi nilikosea."

"Copie ni ya shule," Papa Gracien akasema, bila kuinua uso. "Cote batu hababishane nayo, Colombe."

Ikaisha hivyo.

Mimi nikaenda Math-Physique kama mbuzi mwenye anapelekwa kuogelea. Ku banc yangu mupya nilikaa na Yassine, kijana wa familia ya wafanya biashara wa Uvira, na yule alikuwa anafunika copie yake na mukono nzima kama mutu anaficha sahani ya nyama. Nilipata saba, nilipata tano, nilipata deux, mbili. Nilikariri mwaka moja. Examen d'État, ile ya serikali ya kumaliza secondaire, nilivuka na cinquante et un, hamsini na moja, kwa neema ya Mungu na ya jirani. Lakini baba yangu alikuwa ameshasema kwa watu mutoto yake ni wa math! Akanipeleka kupima polytechnique, université ya ma-ingénieur. Trois sur vingt, tatu kwa makumi mbili. Nikakimbilia Psychologie, kwa sababu wenzangu walisema kule ni kuongea tu, hakuna namba. Wiki ya pili professeur anaingia, anaandika ubaoni kwa herufi kubwa: STATISTIQUE. Yoo, mama! Nilikimbia math mu kila njia, kumbe imenitangulia, imekaa inaningoja. Nikafunga vitabu. Leo ninauza sambaza, ninapima na bakuli, na hesabu ya bakuli inanitosha.

Colombe alimaliza Pédagogie wa kwanza. Alianza kufundisha, akaolewa na Guy, fundi wa kujenga, mwanaume mupole. Na hapo ndipo math ilimurudilia kwa mulango wa nyuma. Jioni Guy anarudi, anakaa, anasema: bananiomba ukuta wa kushika udongo, urefu mètre tatu, nifanye namna gani? Colombe akiwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, anamuambia: "Chini uanze na unene wa mètre moja na nusu, juu ukuje na nusu mètre. Uulalishe kidogo kwenye mulima. Na uache matundu ya tuyau, bomba za kutoa maji, kila mètre, kwa sababu udongo hauangushe ukuta, maji njo yanauangusha." Guy anajenga. Ukuta unasimama. Mafundi maçons wengine wakaanza kufika, wanabisha hodi na karatasi mu mukono: maman Colombe, utusaidie. Hakuomba kitu kwa mutu.

Siku moja nikamuambia, mama, weye ni ingénieur. Akacheka kicheko kidogo. "Aka, Fabiola! Hii siyo math. Hii ni kuangalia tu. Math ilinikataa, unajua vizuri."

Unajua vizuri! Nilijua, ndiyo.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, institut moja, shule ya juu ya hapa mujini, ilibandika tangazo ku mulango wa kanisa ya paroisse. Wanafungua masomo ya kujenga, kila samedi, siku ya jumamosi, kwa watu wenye kazi. Mwisho wake ni licence, diplome ya université. Diplome yoyote inakubaliwa. Masharti: uwe haujafikisha miaka makumi tatu na tano, ufanye test, na kama hautoke Math-Physique, ulete barua ya mwalimu mwenye alikufundisha math mu secondaire, aandike kwamba unaweza. Dossiers, karatasi za maombi, zinafungwa vendredi, ijumaa ya mwisho ya mwezi. Guy aliing'oa ile tangazo akaileta nyumbani imekunjwa mu kofia. Colombe alikuwa anafikisha trente-cinq mwezi wa kumi na mbili. Ilikuwa mwaka huu ao basi.

Akakataa. Guy alimusihi, mimi nikamusihi, nikamufuata mpaka mu shule nikinuka samaki. Akaniambia pole pole, kama anaelezea mutoto: "Nilikuwa na quarante-huit. Na papa yangu njo alikuwa mwalimu, nyumbani iko, shuleni iko. Mutu mwenye analala nyumba moja na math na anapata quarante-huit, iko na nini mu kichwa? Niache, Fabiola."

Neno lilifika hapa, ku mudomo. Nikalimeza. Nikanunua maji, nikanywa, nikarudi ku soko. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Wenye kumula Colombe walikuwa wawili, na mmoja ni mimi.

Dimanche, jumapili ya kabla ya ile vendredi, shule ilimufanyia Papa Gracien sikukuu ya kuaga kazi. Miaka makumi ine ya chaki. Walitandika bâche ya kivuli mu lupango yake, ule uwanja wa nyumba, wakaleta viti, pombe ya ndizi kasiksi, fufu, nyama ya mbuzi, na sambaza zangu. Shati ni ileile nyeupe, ao ndugu yake. Colombe alikuwa anapitisha sahani kama binti wa nyumba. Papa Jacques alikuwa kwa kiti cha mbele, amezeeka, na fimbo yake.

Préfet mupya akasimama kutoa hotuba. Akasema hiki, akasema kile, halafu akasema: "Na ninyi wote munajua ile habari. Huyu mwalimu alikuwa na mutoto yake mu darasa lake. Wengine wangefanya nini? Yeye alimuangusha! Quarante-huit! Mutoto yake wa damu! Ndugu, haki kama hii hatutaiona tena."

Watu wakapiga mikono. Wengine wakasimama. Nikamuangalia Colombe. Alikuwa ameshika sahani mbili, anatabasamu. Alikuwa ameizoea. Haya yake ilikuwa imefanywa hadithi ya sikukuu, na yeye anaipitishia watu chakula.

Hapo kitu kilinikatika. Nikasimama. Sikuwa nimekunywa hata tone moja, wale wenye wanasema nilikuwa nimelewa waache uongo.

"Papa Gracien, mutanisamehe. Ni mimi Fabiola. Mu deuxième munakumbuka nilipata ngapi?"

"Soixante et onze," akasema mara moja.

"Nilikopia kwa Colombe. Interro zote na examen, kila chenye nilikuwa naona. Sasa munieleze, mbele ya hawa watu. Majibu yake kwa copie yangu ni sabini na moja. Majibu yake kwa copie yake ni arobaini na nane. Hii ni math ya wapi?"

Watu wakaguna. "Akae huyu!" "Si bamutoe?" Maman mmoja akanivuta kitambaa. Papa Gracien akatoa lunettes, akaanza kuipanguza na pindo la shati.

"Nilijua ulikopia," akasema. "Lakini sikukukamata na mukono. Mwalimu hawezi kukata points kwa kitu chenye hakukamata."

"Na za Colombe?"

Akaendelea kupanguza. Colombe akaweka sahani chini, moja, halafu ingine. Akasogea mpaka mbele yake. "Papa," akasema. "Nilipata ngapi?"

Na yule muzee, baada ya miaka makumi mbili, hakukuna kichwa, hakusema ngoja niangalie. Alijibu kama umemuuliza saba mara nane.

"Quatre-vingt-onze."

Tisini na moja. Papa Gracien akavaa lunettes yake. "Batu bangesema cote imetoka nyumbani," akasema. "Walishasema. Nikajiambia, mwenye akili atafika tu, hata akipita njia ya mbali. Ni juu ya kulinda jina langu, Colombe. Sikuwa na kitu ingine. Nilikuwa na jina tu."

Préfet akakohoa, akaashiria kijana wa muziki, muziki ikafunguliwa kwa nguvu. Watu wakashukuru, wakarudi ku sahani zao.

Colombe alienda jikoni. Nikamufuata. Nilifikiri atanikumbatia, Mungu anisamehe, nilifikiri nimefanya kitu kikubwa. Alikuwa anasugua chungu chenye kilikuwa tayari safi.

"Ulijua," akasema.

"Colombe, nilikuwa mutoto..."

"Mu deuxième ulikuwa mutoto. Siku ya harusi yangu ulikuwa mutoto? Wiki iliyopita, ulikuja shuleni kwangu, nikakuambia sina kitu mu kichwa. Ulikuwa mutoto?" Hakuinua sauti. Afadhali angenipiga. "Papa alikuwa anaogopa batu. Nimesikia. Weye ulikuwa unaogopa nini?"

Nikaanza kusugua na mimi chungu ingine.

Akapanguza mikono ku pagne yake ya kitenge, akafungua kibeti, akatoa cahier ya mwanafunzi na akang'oa karatasi moja ya katikati, safi, kwa uangalifu. Akachukua bic. Nikamuona anavuka lupango katikati ya watu wenye kucheza, anapiga magoti pembeni ya kiti cha baba yake, anamuwekea karatasi juu ya goti. Nilisogea ili nisikie, na sioni haya kusema hivyo.

"Papa, vendredi bananifungia dossier. Banaomba barua ya mwalimu wangu wa math. Mistari tatu tu. Uandike nilikuwa na quatre-vingt-onze. Kweli yenyewe, hakuna kuongeza."

Papa Gracien akashika bic. Akatoa kifuniko. Nikasema mu roho, Mungu wangu, asante. Aliweka ncha juu ya karatasi, akaandika tarehe, na Bukavu mbele yake, kwa mwandiko ule wake mzuri wa ubaoni. Halafu akainua macho. Sijui alikuwa anatafuta nini. Macho yake yakaangukia ku Papa Jacques, mwenye alikuwa anakula mbuzi yake tu, hana habari na mutu.

Akarudisha kifuniko.

"Baba kuandikia mutoto yake?" akasema pole pole. "Leo, siku hii, baada ya yote yenye wamesema juu yangu? Batu batasema nini? Umutafute mwalimu mwingine."

"Hakuna mwingine, papa. Miaka sita ni weye tu ulinifundisha."

"Njo maana siwezi."

Colombe akachukua karatasi, akaikunja sehemu ine, akasimama. "Sawa, papa," akasema. "Nikuongezee fufu?"

Na akamuongezea.

Vendredi ilipita. Mimi nilikaa mbele ya institut tangu asubuhi na sambaza zangu, nikafikiri labda, labda tu. Walifunga mulango saa tisa. Samaki ziliharibika zote.

Sasa ni mwezi wa munane. Colombe anafundisha, anasalimia watu, na sambaza ananunua kwa mwingine. Kila dimanche anamupelekea baba yake chakula. Miezi mbili iliyopita walimuita Guy tena kule Kasha, juu kidogo ya ule ukuta wa kwanza: nyumba nane, mulima murefu kuliko ule. Alirudi nyumbani na karatasi yake, akamuuliza muke yake chini aanze na mètre ngapi. Guy mwenyewe ndiye alikuja kunihadizia, amesimama mbele ya meza yangu, anageuza kofia mu mikono. Colombe alikuwa anatwanga. Hakuinua uso. Alisema: "Ulizia ingénieur."

Guy amekadiria na jicho. Ukuta umeshamalizika, na mvua inaanza mwezi ujao.